Epifania parokiani: mwongozo kamili wa ibada na maisha ya wiki, kuanzia 6 Januari hadi Jumatano ya Majivu

Jumapili ya kwanza ya Januari huonyesha tofauti ukiwa bado mlangoni. Siku ya Krismasi watu walikaa hadi nje kwenye nyasi, chini ya turubai la kukodi. Leo mabenchi ya nyuma ni matupu. Wengine hawajarudi kutoka kijijini, wengine wamerudi na nauli tu mfukoni huku karo ikiwangoja, kwaya imechoka, na mapambo ya Krismasi yananing'inia ukutani yakikusanya vumbi la kiangazi. Parokia nyingi hapa Uganda huyaacha majira ya Epifania, ya kukumbuka Kristo kufunuliwa kwa mataifa, yapite hivyo hivyo mpaka Kwaresima iwashtue.

Mimi ni msomaji wa kanisa katika parokia moja ya Kampala, kwenye ibada ya Kiswahili. Miaka ya kwanza nasi tuliyaacha yapite. Tulipoanza kuyapanga, tuliona kwamba hizi ndizo wiki ambazo parokia inajengwa. Umati wa Krismasi haujuani. Ni kwenye wiki hizi tulivu watu wanapata nafasi ya kujuana kwa majina na kwa nyumba zao.

Nimeandika nikiwafikiria hasa ndugu wanaoendesha ibada ya Kiswahili ndani ya parokia ya Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana: askari na familia zao, wafanyabiashara waliotoka Kenya na Tanzania, wakimbizi kutoka Kongo, na Waganda ambao Kiswahili wamekipenda. Kama uko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, utabadilisha machache tu.

Hatua ya 1: Hesabu Jumapili zako mwezi wa Desemba

Epifania yenyewe ni 6 Januari, siku ambayo mara nyingi huangukia katikati ya wiki. Jumapili zinazofuata hupungua au kuongezeka kulingana na Pasaka. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili na Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, kwa hiyo katikati zipo Jumapili sita. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, Majivu ni 10 Februari, nazo Jumapili ni tano.

Kabla hujapanga chochote, muulize kasisi parokia inafuata mpangilio gani wa masomo. Kitabu cha Sala cha 1662 huikatisha Epifania mapema, kwa sababu Jumapili tatu za mwisho kabla ya Kwaresima zina majina yake, ya kwanza ikiitwa Septuagesima. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2026 Epifania ina Jumapili tatu tu, 11, 18 na 25 Januari, na mwaka 2027 ina mbili. Mpangilio mpya wa miaka mitatu huanza na Ubatizo wa Bwana na kumalizia na Kugeuka Sura kwake mlimani. Usikisie. Nimewahi kusimama nikasoma Injili moja, kisha mhubiri akapanda mimbarani na kuhubiri nyingine kabisa, na kanisa zima likabaki linafunua kurasa.

Ukishapata jibu, chukua karatasi moja kubwa, andika tarehe upande wa kushoto, na mbele ya kila tarehe weka masomo, mhubiri, wasomaji wawili, mwombaji, na nyumba itakayotembelewa wiki hiyo. Ibandike karibu na mlango wa kanisa. Karatasi ikikaa kwenye mkoba wa katibu, jueni haipo.

Hatua ya 2: Shikeni Warumi 12

Kwenye mpangilio wa 1662, waraka unaosomwa Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya Epifania ni sura moja iliyokatwa vipande vitatu, Warumi 12. Niliisoma miaka mingi bila kuligundua hilo. Jumapili ya kwanza ni mstari wa 1 hadi 5, kuitoa miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, na sisi tulio wengi kuwa mwili mmoja. Ya pili ni mstari wa 6 hadi 16, karama, ukarimu kwa wageni, na lile neno, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Ya tatu ni mstari wa 16 hadi 21, kutolipa ovu kwa ovu.

Kwa nini waliotunga walipanga hivyo? Mimi nadhani jibu liko kwenye jina la majira. Epifania ni kufunuliwa: Kristo anaonekana kwa mataifa. Mamajusi walimwona kwa nyota. Jirani yetu wa Makindye au Nsambya atamwona kwa namna tunavyoishi sisi kwa sisi, na namna hiyo imeandikwa kwenye Warumi 12. Hata kama parokia yenu inafuata mpangilio mpya, chukueni sura hii iwe somo la ushirika wa katikati ya wiki. Kila kinachofuata hapa kimetundikwa juu yake.

Hatua ya 3: Fanyeni ibada tarehe 6, hata mkiwa kumi na watano

Uganda haina mapumziko siku hiyo, kwa hiyo ibada iwe jioni, saa kumi na mbili, watu wakitoka kazini, na isizidi dakika arubaini. Someni Isaya 60, "Ondoka, uangaze, kwa kuwa nuru yako imekuja", kisha Mathayo 2:1–12. Injili hii tunaigawa kwa sauti tatu za watu waliotoka nchi tatu, kila mmoja na lafudhi yake. Usimsahihishe mtu matamshi. Kiswahili cha Bunia na cha Mombasa vyote vinaingia Bethlehemu.

Mhubiri asimulie kilichoandikwa. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu wala hasemi walikuwa wafalme. Anasema walitoka mashariki, walikuwa wageni, hawakujua njia, wakauliza. Wala asiishie mstari wa 12. Mistari miwili mbele, Yusufu anamwamsha mama na mtoto usiku na kukimbilia nchi ya jirani. Mwaka mmoja tulipofika hapo, mama mmoja aliyetoka Ituri akiwa na mtoto mgongoni alianza kulia kimya kimya, na aliyeketi karibu naye, mke wa askari, akamshika mkono hadi mwisho wa ibada. Hawakuwa wamewahi kusalimiana. Leo wanauza maharagwe pamoja.

Kuna makanisa ya Kianglikana duniani ambayo siku hii huandika kwa chaki juu ya milango ya nyumba. Sisi tulilelewa na uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka", na desturi hiyo itawashangaza wazee wengi. Sikushauri uilete. Maana yake, yaani Kristo kukaribishwa nyumbani, utaipata kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Jumapili yenyewe

Siku moja kabla, yaani Jumamosi, ondoeni mapambo ya Krismasi yote. Kitambaa cheupe hubaki mezani kwa Epifania, na baadaye huwekwa cha kijani kama parokia inacho. Kama haina, ibada haipungukiwi na kitu.

Mlangoni simamisheni watu wawili wenye lugha tofauti. Kazi yao ya kwanza ni jina. Mgeni akitajwa kwa jina wakati wa kukaribisha wageni, bila kulazimishwa kutoa hotuba, Jumapili ijayo anarudi. Mpeni kitabu cha nyimbo kikiwa tayari kimefunguliwa kwenye wimbo wa kwanza, maana anayetoka kanisa jingine hajui namba zenu.

Baada ya hapo liturujia ifuate Kitabu cha Sala bila haraka: maungamo, zaburi, masomo, imani, maombi, na Ushirika Mtakatifu pale kasisi anapokuwepo. Wiki ambayo kasisi yuko kwenye kanisa jingine la parokia, msomaji ataongoza Sala ya Asubuhi. Ni ibada kamili, na asiombe radhi kwa kuiongoza.

Maombi yanahitaji maandalizi kuliko watu wanavyodhani. Mwombaji wa wiki akusanye mahitaji kuanzia Jumatano: wagonjwa, wenye kesi, watoto wanaongoja matokeo, ndugu walioko Kongo ambao simu zao hazipatikani. Aandike, asome, na kila ombi liwe sentensi moja. Jina la mgonjwa litajwe kwa ruhusa yake.

Sasa matangazo. Hapa ndipo ibada nyingi zinapoharibika. Katibu anasoma barua ya dayosisi yote, mwenyekiti wa jengo anaeleza bei ya mabati, akina mama wana lao, vijana wana lao, na saa inakwisha. Tulikubaliana matangazo yawe dakika saba, yasomwe na mtu mmoja, na lisilofika kwa katibu kabla ya Jumamosi jioni lingoje wiki ijayo. Mwezi wa kwanza kulikuwa na manung'uniko, baadaye watu walizoea.

Sadaka, na baada yake mnada. Msomaji wa nje ya Uganda huenda hajui jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Wasio na fedha huleta mazao: mkungu wa matoke, kuku aliyefungwa miguu, mayai, fenesi, fungu la miwa. Vitu hupelekwa mbele vikaombewa, na ibada ikiisha vinanadiwa uani. Januari mnada huwa mkubwa, maana wengi wametoka kijijini na chochote walichopewa na wazazi. Mwendesha mnada awe mtu mchangamfu anayejua mipaka, asimtaje mtu kwa umaskini wake wala kumbana mgeni anunue.

Mwaka uliopita mjane mmoja alileta mayai matatu, amefunga kwenye kitenge. Mwendesha mnada aliyanyanyua kwa mikono miwili kana kwamba ni kikombe cha Meza ya Bwana, akasema, "Hapa kuna mayai ya Bwana, nianze na ngapi?" Kwaya ikanunua kwa shilingi 20,000. Wakairudisha sadaka inadiwe tena, Umoja wa Akina Baba wakaongeza, na mara ya tatu mayai yakarudishwa kwa mama mwenyewe apeleke kwa wajukuu. Yule mama alipokea kwa kupiga magoti, na wanaume wawili wakamwinua. Fundisheni mnada uendeshwe hivyo. Fedha ziandikwe palepale na watu wawili, na jumla itangazwe Jumapili inayofuata.

Malizeni kwa chai. Birika mbili za chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha vinatosha watu sitini. Familia mbili zipike kwa zamu, ikiwezekana za makabila tofauti, zikutane jikoni Jumamosi.

Hatua ya 5: Jumapili tatu zenye uzito

Jumapili ya kwanza, kwa mpangilio wa 1662, Injili ni ya Yesu akiwa na miaka kumi na miwili hekaluni, katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Muhula wa kwanza wa shule kwa kawaida hufunguliwa mapema Februari, kwa hiyo Jumapili hii, au mojawapo inayofuata, iteni watoto wote mbele waombewe. Wanafunzi wa bweni waje na chochote cha shule mkononi: daftari, kikombe, hata ndoo. Walimu waombewe nao. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nayo hutoka kwa kawaida mwishoni mwa Januari. Familia zitakazoleta shukrani zipewe nafasi, na mtoto aliyeanguka atembelewe nyumbani wiki hiyohiyo na mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Asisubiri aulizwe kanisani mbele za watu.

Wanaofuata mpangilio mpya watakuwa na Ubatizo wa Bwana. Ni siku njema ya kubatiza, kama mafundisho ya wazazi na wadhamini yalifanyika Desemba.

Jumapili ya pili ni arusi ya Kana. "Hawana divai," anasema Maria, na Januari kila nyumba ina neno lake la namna hiyo: hatuna karo, hatuna kodi. Tunawaita wanandoa wote, pamoja na wale wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kwa sababu ya gharama. Kasisi awaeleze waziwazi kwamba ndoa ya kanisani haidai keki wala magari ya kukodi. Umoja wa Akina Mama wachukue majina na kuwaandaa. Tulifungisha ndoa nne kwa siku moja baada ya Jumapili kama hiyo, na chakula kilikuwa sufuria za pilau zilizochangwa.

Jumapili ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Injili ni Mathayo 8:1–13, mwenye ukoma na akida wa Kirumi. Kanisa letu lina askari wengi, na hakuna siku wanayosikiliza kwa makini kama hii, maana aliyesifiwa imani na Yesu ni mtu wa kambini, mgeni, anayejua amri ni nini. Kisha linakuja lile neno, "wengi watakuja kutoka mashariki na magharibi". Na waraka wa siku hiyo unasema, "adui yako akiwa na njaa, mlishe". Kuna Jumapili tulikuwa na familia mbili zilizokimbia pande mbili za vita moja, zimeketi benchi tatu mbali. Mhubiri asiwanyoshee kidole watu kama hao. Asome, aeleze, anyamaze kidogo. Roho anajua njia.

Hapo ndipo nawasimulia vijana habari za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896 na kuipanda Injili upande wa Kongo. Alifariki mwaka 1933, na inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ili kazi isonge mbele huko. Waanglikana wengi wa mashariki ya Kongo wanaosali nasi leo kwa Kiswahili ni matunda ya mti huo. Wakija Kampala kama wakimbizi, wanarudi kwenye nyumba iliyomtuma Apolo. Mkongomani akiisikia habari hii kanisani anakaa wima.

Hatua ya 6: Katikati ya wiki

Usipange kila siku. Ratiba iliyojaa huwachosha walewale watano wanaofanya kila kitu. Kwetu mambo mawili hayakosi.

La kwanza ni ushirika wa Jumatano jioni, kwa desturi ya Balokole. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki ulishika neno la 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Watu walikutana wakaungama bila kuficha na wakapatana. Sijui neno la Epifania lililo karibu zaidi na maisha yetu kuliko hilo. Kaeni kwa duara. Wimbo, kipande cha Warumi 12, kisha kila anayependa aseme pale neno lilipomgusa, na wiki yake ilivyokuwa. Kiongozi alinde mambo matatu: mtu aungame dhambi yake, asiungame ya mwenziwe, kilichosemwa kisitoke nje, na anayesema asipewe mahubiri ya kumjibu. Mkikoseana, malizeni kabla ya sala ya mwisho. Saa moja na nusu inatosha, maana boda za usiku ni ghali na si salama kwa dada zetu.

La pili ni nyumba moja kila wiki. Jumamosi alasiri watu wanne au watano, wakiwemo kijana mmoja na mtu wa kabila jingine, waende kwenye nyumba iliyoandikwa kwenye karatasi. Anzeni na waliokuja Krismasi na hawajaonekana tena. Pigeni simu mapema. Mwenyeji aambiwe wazi asipike, na nyinyi mbebe sukari na sabuni. Mkifika someni Mathayo 2:11, "Wakaingia nyumbani", ombeni chumba kwa chumba kama mwenyeji anapenda, ulizeni habari, sikilizeni. Msiulize kwa nini hakuja kanisani. Atasema mwenyewe. Mara nyingi ni viatu vya watoto, au zamu ya kazi, au neno alilotamkiwa na mtu mlangoni.

Mahitaji makubwa mtakayokuta ni karo. Tunao mfuko mdogo wa Januari unaotokana na mnada, na sheria zake ni chache: kamati ya watu watatu akiwemo mmoja wa Umoja wa Akina Mama, fedha hulipwa moja kwa moja shuleni, na majina hayasomwi hadharani. Haufiki mbali. Mwaka jana ulifikia watoto tisa, sehemu ya karo tu. Wazazi wengine tuliwasindikiza kwa mwalimu mkuu kuomba walipe kwa awamu, na barua ya kasisi ilisaidia.

Hatua ya 7: Tarehe za kuweka alama

Kuanzia 18 hadi 25 Januari ni wiki ya kuombea umoja wa Wakristo. Waalikeni majirani Wakatoliki na Waorthodoksi kwenye sala moja ya jioni; Baraza la Pamoja la Wakristo la Uganda limewaunganisha watu hawa tangu 1963, na mtaani kwenu hamna haja ya kusubiri mkutano mkubwa. Tarehe 25 ni Kuongoka kwa Paulo, mtakatifu ambaye kanisa kuu la Namirembe linabeba jina lake. Tarehe 26 ni sikukuu ya kitaifa, siku nzuri ya vijana kuchimba mifereji na kufyeka uwanja wa kanisa kabla mvua za Machi hazijaanza. Tarehe 2 Februari ni Kuletwa kwa Bwana Hekaluni: wazee kama Simeoni na Ana wapelekewe Ushirika Mtakatifu majumbani.

Tarehe 16 Februari taifa zima hupumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin na kuzikwa Mucwini, Kitgum. Aliokoka Januari 1948, mikononi mwa Balokole. Tena wengi hawajui cheo chake kamili: alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire (Zaire ndiyo Kongo ya leo). Nchi hizo nne zote ziko kwenye mabenchi yetu. Kama hamwezi kusafiri Mucwini, kusanyikeni asubuhi kwa Sala ya Asubuhi, mzee anayekumbuka miaka ile asimulie alichokiona, na watoto wamuulize maswali mpaka yaishe.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majivu, bandueni ile karatasi ya mlangoni. Kaeni kamati nzima na daftari la wageni, someni majina moja moja, na mbele ya kila jina andikeni ni nani ameshaijua nyumba yake. Majina yasiyo na mtu mbele yake yapeni tarehe za Jumamosi za Kwaresima.